Majani Yanayonenepesha Ng'ombe

Kaka mkubwa wa mume wangu hajawahi kunipenda, nami sijawahi kumwomba anipende. Ni mtu wa ng'ombe. Ana malisho yake Masisi, vilima vya kijani vinavyoshuka hadi mtoni, na mgeni yeyote anayefika kwake hapa Goma husikia habari za maziwa ya huko kabla hajapewa kiti. Mimi ni daktari wa mifugo. Yeye ananiita daktari wa kuku, na hunitaja hivyo mbele ya watoto wangu.

Mali ilipomkolea alitaka kitu cha kuwazidi wenzake. Matajiri wachache wa hapa walikuwa wameanza kushindanisha farasi Jumapili mchana, kwenye uwanja tambarare nje ya mji. Akanunua wawili kutoka Uganda, bado wachanga, wa ukoo wa mbio: dume mweusi na jike mwekundu. Aliwapeleka moja kwa moja Masisi. Sikuulizwa kitu. Nilisikia kwa mume wangu, naye aliniambia akiwa anavua viatu, kama mtu anayetaja bei ya makaa.

Nilipanda kwenda kuwaona. Siwezi kusema uongo, hewa ya kule inamfaa farasi. Ni baridi, kupe ni wachache, na mnyama anayekua akikimbia mlimani hupata kifua kipana. Lakini malisho yote yalikuwa zile nyasi nene zinazotambaa, ambazo wafugaji wanaziita kikuyu. Ng'ombe akizila ananenepa. Farasi naye ananenepa, huku mifupa yake inaoza kimyakimya. Ndani ya nyasi hizo mna kitu kinachoikamata chokaa ya chakula, ile inayojenga mifupa, isiingie mwilini. Tumbo la ng'ombe linakivunja. La farasi haliwezi, basi mwili unaanza kuiba chokaa kwenye mifupa, na uso ndio hutoa habari.

Nilimwambia hivyo pale pale, wachungaji wake wakisikia.

"Majani gani mabaya?" akasema. "Ngombe zangu zinakula haya tangu muzee wetu iko hai."

"Shemeji, farasi haiko ngombe."

Akawageukia wachungaji. "Munasikia? Daktari wa kuku anasema farasi haiko ngombe. Njo mambo alienda kusomea miaka yote ile!"

Walicheka. Ilibidi wacheke, yeye ndiye aliyewalisha. Nikamwomba basi anipe mmoja nimlee kule chini Goma. Alimtazama yule jike, aliyekuwa mwembamba kuliko mwenzake, akamsukuma kiunoni kwa fimbo.

"Chukua huyu mwanamuke mwenzako. Umukulishe mawe ya Goma."

Tulikuwa na kiwanja Munigi, kimezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Humo hamkuota kitu cha maana. Kila kilicholiwa kililetwa: nyasi kavu za bondeni upande wa Rutshuru, majani ya karanga, na chokaa ya mifugo niliyochanganya mwenyewe kwenye pumba. Wenye chukudu, zile baiskeli za mbao, walikuja wakisukuma mizigo hiyo huku wakinitukana kwa sababu ya kilima. Siku ambazo mlima ulimwaga majivu nililazimika kuosha majani kabla ya kumpa, maana majivu yanasaga meno ya farasi kama msasa. Mume wangu alilalamika kwamba nanuka zizi. Nikamjibu ahamie kwa kaka yake.

Jike akakua. Ardhi kavu ilimpa kwato ngumu, na miguu yake ilinyooka. Nilimkimbiza asubuhi kwenye barabara ya changarawe, taratibu, nikiongeza mwendo kadiri alivyoimarika.

Kisha shemeji alikuja nyumbani kwetu Mapendo wakati tunakula. Hakusalimu. Alisimama mlangoni na viatu vyenye tope.

"Farasi yangu imevimba uso. Haitembei muzuri. Uliipa nini siku ile ulipanda?"

"Uliipa wewe. Uliipa majani."

"Mutu mwenye wivu anaweza kufanya yote," akamwambia mume wangu, kana kwamba mimi sipo. "Angalia mwanamuke wako."

Mume wangu alitazama sahani. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimezungukwa na wanaume wawili wasionifaa.

Juma lililofuata shemeji aliingia Munigi na lori, akamchukua jike wake. Alikuwa wake, hilo sikuweza kulipinga. Jumapili ya juma hilo alimpanga kwenye mbio, jike akashinda, na farasi wa pili alikuwa mbali nyuma. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu. Jioni shemeji alifanya karamu, nikaenda bila kualikwa. Nilimkuta ameinua glasi, anawaambia wageni:

"Hii ni majani ya Masisi! Hakuna malisho kama yangu katika Kivu yote!"

Nikasema kwa sauti, "Basi leta yule mweusi. Anakula Masisi mpaka leo. Wageni wamuone uso."

Mgeni mmoja akauliza, mweusi yupi? Shemeji aliweka glasi chini.

"Toka kwa nyumba yangu."

Nilitoka. Nilisikia wakianza kuulizana kabla sijafika kwenye geti.

Jike aliuzwa ng'ambo ya mpaka, na nasikia bado anakimbia. Mweusi aliachwa kule juu afe. Ndipo mume wangu akafanya jambo moja ambalo sikulitegemea: alipanda Masisi mwenyewe, akagombana na kaka yake shambani, akarudi na farasi ndani ya lori la viazi. Hakunieleza walichoambiana, na mdomo wake ulikuwa umepasuka.

Chokaa ilisimamisha ugonjwa, lakini uso haukurudi. Mifupa ya pua imetuna pande zote mbili, anatafuna polepole, na hatakimbia kamwe. Watoto wanampenda.

Wazee wa ukoo walituita tupatanishwe. Waliniomba nimpe shemeji mkono kwa sababu ni mkubwa. Niliwaambia nitampa siku atakapokuja Munigi kumtazama yule mnyama. Walisema nina moyo mgumu. Niliinuka, nikachukua mkoba wangu, maana kulikuwa na mbuzi wa mtu mtaani Katoyi aliyekuwa akizaa kwa shida, na mwenyewe alikuwa ameshanipigia simu.