Jike au Dume

Mimi na mume wangu tulikuwa na desturi moja ambayo majirani wangeijua wangetucheka. Tukishindwa kuelewana, hatukugombana. Alichukua simu, akafungua mchezo wa zamani wa kukamata wanyama wa ajabu, aliokuwa akiupenda tangu utoto wake Butembo, akamwingiza mtu wake wa mchezoni majanini. Mnyama wa kwanza kutokea akiwa jike, shauri langu linapita. Akiwa dume, linapita lake.

Niliupenda mpango huo kuliko alivyojua. Kwetu, karibu na maporomoko ya Tshopo, baba alipokuwa hai, akisema neno, limekwisha. Mama alibaki na samaki wake wa kuuza na kinyongo chake. Mimi nilijiona nimepata mwanaume anayekubali kushindwa. Na alishindwa kweli. Noeli tulikula kwa mama, mapazia tulinunua niliyoyataka mimi, na binti yetu alipozaliwa, simu ilitoa jike, tukampa jina la mama yangu badala ya la mama mkwe. Nilimwambia mama kwamba Mungu ndiye aliyechagua.

Kisha likaja suala la kuhama. Yeye alitaka tukaishi Makiso, katikati ya mji, juu ya duka la kaka yake. Mimi sikutaka kumwacha mama peke yake; baba alikuwa amekwisha kufariki, na miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba. Mume wangu akavaa kisikilizio sikioni kama kawaida yake, akabonyeza. Dume. Nililia, lakini vyombo nilivifunga mwenyewe. Bahati utailaumu vipi?

Jumapili moja baada ya misa, nikikaanga ndizi za makemba, nilimsikia sebuleni akimfundisha kaka yake.

“Bahati haiko humu, grand. Ukiufungua, mchezo unaanzaka kuhesabu palepale, kila mara. Mu écouteur ya sikio naweka saa, inalia tik tik. Donc ukifinya seconde ileile, nyama inatoka ileile. Ukitaka dume, unapata dume.”

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

“Na ile ya kuhama?”

Alicheka kwanza, halafu akauona uso wangu. “Chérie, ungelikataa tu.”

Hasira ilinipanda. Nikamtajia Noeli, nikamtajia mapazia. Huko si nilishinda? Akaniangalia kwa huruma, kama anayembembeleza mtoto, na huruma hiyo iliniuma kuliko uongo wenyewe.

“Zile nilikuachia. Kama ungelishindwa kila mara, ungelijua.”

“Na jina ya mutoto?”

Kaka yake alisimama, akatafuta ufunguo wa pikipiki, akaondoka bila kuaga. Mume wangu aliinamisha kichwa.

“Ile pia nilikuachia.”

Makemba yalikuwa yameanza kuungua. Niliyaepua, nikayapanga kwenye sahani. Binti yetu alikuwa akicheza kwenye ngazi. Nilitaka kumwita aje kula, nikafungua mdomo, nikashindwa kulitamka jina lake.