Msumeno Uliokata Upande Mmoja

Nassibu aliposema kwamba hashuki tena shimoni, Jabiri alidhani amesikia vibaya. Alikuwa amekwisha kupanda juu ya gogo la mvule, mshikio wa msumeno mkononi, mstari wa mkaa umeshapigwa, na siku ndiyo kwanza inaanza. Akangoja mwenzake acheke. Nassibu hakucheka.

"Umesema nini?"

"Nimesema leo mie nipande juu, wewe ushuke. Au tupokezane, siku wewe siku mie. Lakini shimoni peke yangu siendi tena, Fundi."

Lile gogo lenyewe lingemwomba Jabiri sigara, asingeshangaa zaidi.

Na tusimlaumu upesi, maana kazi yao ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule wa hamsini na tatu Manzese ilikuwa mashamba kuliko nyumba, lakini nyumba zilikuwa zinakuja, na kila nyumba ilitaka mbao za milango na madirisha. Mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo hulazwa juu ya shimo linalompita mtu kichwa, mmoja akasimama juu yake, mwingine akaingia chini, na msumeno mrefu kuliko wote wawili ukapanda na kushuka kati yao. Wa juu hufuata mstari. Wa juu ndiye aitwaye fundi, ndiye asemaye na wateja, na ndiye akaaye penye upepo. Wa chini hupata unga wa mbao. Humwagikia kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ukamwingia puani, shingoni na machoni, na akitoka huko hata mkewe humtambua kwa kikohozi. Jina la kazi yake ni mtu wa shimoni, basi, hakuna jingine.

Nassibu alikuwa mtu wa shimoni wa Jabiri kwa miaka kumi na mitano. Na Jabiri alikuwa na msemo wake, ambao aliutoa mbele za watu, na Nassibu akiwapo: "Mie napasua, huyu ananing'inia tu." Watu walicheka. Nassibu naye alicheka, maana angefanya nini?

"Tangu lini mtu wa shimoni akapanda juu?" Jabiri aliuliza.

"Tangu leo."

"Utaupotosha mstari."

"Nitajifunza."

"Basi kajifunzie kwa baba yako!"

Hapo alikosea. Baba yake Nassibu alikuwa marehemu, na hata angekuwa hai, hiyo si kauli ya kumpa mtu mliyekula naye sahani moja miaka yote hiyo. Nassibu alichukua shati lake kwenye kichaka, akaishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi, akaondoka. Jabiri akasimama pale juu na msumeno wake, na kwa mara ya kwanza akaona ule mshikio wa chini unaning'inia peke yake bila mtu.

Mtu mwingine angemfuata mwenziwe akamtaka radhi. Jabiri alikwenda barazani kwa Shomari muuza kahawa, akawaagizia waliokuwapo vikombe, akafungua mdomo, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Akasema watu wa shimoni wameharibika siku hizi. Akasema yeye hamhitaji mtu chini yake, kwani Wazungu wameleta misumeno ya kukunja, inaingia mfukoni kama kisu, na mtu mmoja anatosha. Alikwisha kuuona mmoja kiunoni kwa askari wa misitu.

"Sasa nisikilizeni. Ijumaa, baada ya sala, nalikata lile tawi la mfenesi wa Bi Mwanaasha. Juu ya mti, peke yangu. Nikishindwa, jina la fundi nivueni, mkampe mnayemtaka."

Tawi lile wote walilijua. Lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, limelalia juu ya paa la makuti la yule bibi mjane, na masika yalikuwa mlangoni. Na jina la fundi halikuwa pambo. Ndilo lililompa Jabiri wateja, ndilo lililomkalisha mbele kwenye shughuli, na nyumbani kwake hata Zuena, mkewe wa ndoa, alimwita Fundi.

"Mashahidi tupo," Shomari akasema, akamjazia kikombe.

Kesho yake Jabiri akaenda Uhindini, kwenye duka la vyuma. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, na Kiswahili chake kilimshinda Jabiri kwa unyoofu. Akamtandikia misumeno mitatu juu ya meza.

"Unakata mti mbichi au mkavu?"

"Nakata mti," Jabiri akajibu.

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Kama mkavu, chukua huu wa meno madogo. Mbichi unataka meno makubwa yenye nafasi, unga upate pa kutokea, la sivyo utakwama na majimaji. Na usichukue mrefu kwa sababu ni mrefu. Juu ya mti mrefu utakupiga usoni."

Jabiri alikuwa ameshaushika ule mrefu. Akauweka chini taratibu, kama mtu ambaye hakuwa na nia nao, akachukua wa katikati. Ulikuwa na meno makubwa, umepinda kidogo kama mundu. Si kwamba alijali unga utatokea wapi. Yale meno yalimpendeza.

"Ufungue mpaka mwisho," mzee akasema. "Usikilize. Pini ikiingia utasikia *ta*. Usiposikia, usikate, utakufungia vidole. Na jambo la mwisho, bwana. Huu unakata ukiuvuta tu. Ukiusukuma haukati. Kwenda unaupumzisha, kurudi unauvuta."

Jabiri akacheka mpaka wateja wengine wakageuka.

"Mzee wangu, msumeno hukata mbele na nyuma. Hata mahakamani wanalijua hilo."

"Hiyo ni methali," mzee akasema, akimfungia msumeno kwenye gazeti. "Mimi nauza vyuma."

Ijumaa ikafika. Waliotoka msikitini hawakwenda kula. Bi Mwanaasha alikuwa ametoa nje sufuria zake, godoro na picha ya marehemu mumewe, akakaa juu ya kinu akilitazama paa lake. Shomari alihamishia kahawa yake hapo hapo. Tawi lilifungwa kamba, wanaume wanne wakaishika, ili likikatika lisimwangukie mtu.

"Shikamoo, bibi," Jabiri akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nihurumie paa langu."

Akapanda. Hilo mpeni, kupanda alijua. Akajikalisha kwenye panda la mti, akaukung'uta msumeno ukafunguka, watu wakasema *aah!* na kwa kelele zile hakusikia kama pini imelia au haikulia. Wala hakusikiliza. Akaweka meno juu ya tawi, akauegemea kwa kifua na mabega, kama alivyouegemea msumeno mkubwa miaka yote, akasukuma.

Haukwenda. Akasukuma tena kwa nguvu. Meno yakakamata gome, utomvu wa mfenesi ukatoka mweupe ukayagandisha, na ubapa ukapinda kwa namna ambayo chuma hakipindi. Jabiri akashangaa. Chuma kinamkatalia? Yeye? Akakusanya nguvu zake zote akausukuma mara ya tatu, na mara msumeno ukajikunja. Ulijifunga wenyewe kama mdomo, na vidole vyake vitatu vilikuwa ndani.

Hakulia. Alishangaa mno hata kulia akasahau. Alivitazama vidole vyake, akaona damu inaanza kutoka taratibu na baadaye kwa haraka, na chini yake watu zaidi ya hamsini hawakuwa na hata mmoja wa kukohoa. Msumeno ukamponyoka ukaanguka mchangani.

Namna alivyoshuka hakuikumbuka baadaye. Alikumbuka Zuena akichana upindo wa kanga yake na kumfunga, vidole vipo vyote, alhamdulillahi, na alikumbuka kutazama juu na kuona alichokikata. Ufa wa kina cha kucha. Mtu angekula tawi lile kwa meno angefika mbali zaidi.

Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomwumiza, maana watu wa Manzese hawakumcheka mtu ila akiwa bado ana heshima yake.

Hapo ndipo Nassibu alipotoka nyuma ya watu. Jabiri hakujua kama yupo. Akauokota msumeno, akaufuta utomvu kwa upindo wa msuli, akamwomba Bi Mwanaasha mafuta ya nazi akaupaka pande zote mbili. Akaufungua polepole karibu na sikio. *Ta.* Kisha akapanda.

Juu ya mti aligeuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, akalipima tawi. Hakuanza juu. Alianza kwa chini, akakata kidogo tu, kusudi tawi lisije likachanika gome na kuyumba kuelekea nyumba. Ndipo akarudi juu, mbele kidogo ya ule mkato. Akavuta. Hakuegemea, hakukaza shingo. Alivuta kirefu na kwa wepesi, akaurudisha bure bila kuubonyeza, akavuta tena.

Jabiri alikuwa amesimama chini yake hasa, na hakuwa na akili ya kusogea. Unga ukamwangukia. Ulimwingia kwenye nyusi, ukamwingia machoni, ukawasha kama pilipili. Akapangusa kwa mkono mzima, akatazama juu tena akiwa amefinya macho, na hapo akaona kitu. Nassibu akivuta, unga unamwagika. Akirudisha, haumwagiki hata chembe. Akivuta, unamwagika.

Akalifikiria shimo. Msumeno unapopanda, anayeunyanyua nani? Yeye Jabiri. Unapanda mtupu, mwepesi, hautoi kitu. Na unaposhuka, anayeuvuta nani? Na unga unatoka wakati gani? Alijaribu kuigeuza ile picha kichwani, aiweke vingine, ikakataa. Miaka kumi na mitano yeye alikuwa ananyanyua na kufuata mstari. Kupasua alikuwa anapasua mwingine.

Alitamani mtu amwambie si kweli. Akamtazama Shomari, akamtazama Bi Mwanaasha, na wote walikuwa wanatazama juu.

Tawi likalia, likainama, kamba ikakaza, wanaume wanne wakalishusha uani polepole bila kugusa hata kuti moja. Ndipo kelele zilipopasuka. Bi Mwanaasha akapiga kigelegele. Shomari akainua birika lake akapaza sauti: "Fundi Nassibu! Ahadi ni deni, mabwana, na mashahidi tulikuwapo!" Na watu wakaitikia Fundi Nassibu, Fundi Nassibu, hata wale waliokunywa kahawa kwa gharama ya Jabiri juzi tu.

Jabiri akawapita wote akaenda kwenye shina la mti, Zuena nyuma yake. Nassibu alikuwa anashuka.

"Ulijua?" Jabiri akamwuliza.

"Kujua nini?"

"Kwamba wewe ndiye unayepasua."

Nassibu akaukunja msumeno kwa uangalifu. "Kila mtu wa shimoni anajua, Fundi. Haupiti hata mwezi, mikono yenyewe inakwambia."

"Na mie nikisimama pale nasema unaning'inia! Mbona hukunijibu?"

"Mbao zilikuwa zinatoka. Tulikuwa tunakula."

Maneno yaliyofuata yalikuwa mazito kwa Jabiri kuliko gogo lolote alilopata kulibingirisha, lakini aliyasema, na aliyasema watu wakisikia. "Jina ni lako. Wamekupa kwa haki. Ndiyo maana ulitaka kupanda juu, na mie nikakutolea baba yako marehemu. Nisamehe. Ulikuwa unadai jina lako."

"Jina?" Nassibu akamshangaa kwa dhati. "Nani amezungumza habari ya jina?"

Akasogea karibu, karibu kuliko walivyowahi kusimama kazini, akavua kofia na kuinua uso juani. Jicho lake la kushoto lilikuwa na chamba, jeupe lote, halina mboni.

"Hili limekwisha tangu mwaka juzi," akasema. "Unga tu. Na hili la kulia limeanza kuniuma tangu mfungo sita. Nilitaka kupanda juu nibaki nalo."

Jabiri akageuka kumtafuta mkewe, amwone naye ameshtuka. Zuena alikuwa ameinamisha uso. Akamtazama Shomari, Shomari akajishughulisha na vikombe. Walijua. Mtaa mzima ulijua, hata Bi Mwanaasha ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Ni yeye tu asiyejua, aliyeshinda na mtu huyu kila siku ya Mungu, kwa sababu kutoka pale juu alikosimama alichokuwa akikiona ni utosi wa kofia.

Macho yake mawili yalikuwa bado yanawasha kwa unga wa dakika kumi.