Maumivu Yasiyomo Katika Daftari

Juzi, dirishani pa dawa hapa Korogwe, mama mmoja wa Misima alifunua mkono wa mpwa wake. Ulikuwa na alama.

Karani akacheka. "Chanjo za mganga hizo."

"Baba yangu mganga, chanjo nazijua. Huyu anajiumiza mwenyewe, tangu mumewe achukuliwe kubeba mizigo ya Serikali, na akida akatukataza kulia."

"Basi anataka huruma."

"Angetaka huruma, angejifunika kaniki mpaka viganjani kwenye jua hili?"

Mpwa akasema polepole, "Nikiumia mkono, moyo hunyamaza kidogo, shangazi. Kisha unarudi vilevile."

Karani akafunga daftari. Huzuni haimo humo, na Ordnung ni Ordnung, utaratibu ni utaratibu.

Mimi niliyesimama nyuma yao nimemaliza shule ya Serikali, Kijerumani nakimeza, kazi sina. Lakini hili halihitaji cheti, Herr karani: ukimziba mtu kilio, kitatafuta pengine pa kutokea. Hila iko wapi hapo?

Mama aliketi mlangoni, ameushika mkono ule. "Huzuni ikikujia tena, niite. Hata nikiwa shambani, niite."

Alasiri daktari akatoka. Mama akasimama mbele yake.

"Huyu anaumwa. Usimuulize karani. Muulize yeye."