Wimbo Unapopanda, Sauti Ishuke

Mwanangu, kati ya siku zote za ujana wangu naikumbuka moja, na laiti ningeisahau. Nilikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya kanisa letu kule Bujonde, kijana wa miaka ishirini, mashavu yamejaa majivuno. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe nilikuwa mimi.

Mwalimu wetu, mzee Ambakisye, alikuwa na karatasi za muziki wa zamani sana, uliotungwa Ulaya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita kwa fidla nne. Sisi wanne tuliupiga kwa tarumbeta na tromboni. Pale wimbo unapopanda juu kabisa, mtunzi aliandika agizo la ajabu, naye Mwalimu akatutafsiria: kadiri noti zinavyopanda, sauti izidi kufifia. Loo, nilicheka! Nani asiyejua kwamba tarumbeta ikipanda hulia kwa nguvu? Nikasema moyoni, aliyenakili alikosea. Sikuuliza.

Ndipo Tusekile, binti pekee wa Mwalimu, akafa kwa homa. Mwalimu hakuweza kutuongoza, maana yeye ndiye mfiwa. Akanishika mkono, "Gwakisa, jeneza likishuka pigeni ule wa fidla. Kama ulivyoandikwa."

"Ndiyo, tata," nikaitikia, kama tunavyomwita baba.

Jeneza likashuka. Tulipofika mahali pale, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, nikidhani namheshimu marehemu. Wenzangu wakanifuata. Watu wakageuka kunitazama, nami nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi makaburini.

Baadaye nikamwendea Mwalimu nikitarajia shukrani. Hakufoka. Alisema tu, "Mama yake alikuwa anamuaga Tusekile. Niliona midomo yake, sikusikia neno hata moja. Nimemwomba aniambie alichosema, hawezi kukirudia."

Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mama yule hakuwahi kuninyima salamu mpaka alipofariki, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sikupata ujasiri wa kumwomba radhi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezeeka pamoja nami.

Basi wewe unayeanza kupuliza leo, ukikuta agizo unaloliona la kipumbavu, uliza kwanza. Kuuliza si ujinga. Huenda aliyeliandika naye alishazika. Na palipo na mfiwa, mwachie nafasi ya sauti yake, hata kama yako ni tamu. Kyala akusaje, mwanangu. Mungu akubariki, akupe pumzi ndefu, na sikio la kumsikia anayelia karibu nawe.