Mkwe Kizimbani

Ojakol alipovaa sare ya polisi, muda mfupi baada ya Uhuru, kijiji chao cha Angurai kilivimba kichwa. Wateso waliochoka kuhojiwa na askari wasiojua neno la lugha yao walisema, sasa tuna wetu. Mama mkwe wake alipika pombe ya wimbi, wazee wakainywa kwa mirija hadi jua likazama. Mama mwenyewe hakujitokeza, maana kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Shukrani za Ojakol zilimfikia kupitia kwa Apeduno, mke wa Ojakol.

Kituoni Malaba, mpakani na Uganda, akawa Mteso peke yake. Usidhani ni cheo. Kila Mteso aliyekamatwa alikuwa mzigo wake kumhoji, na watu wake wakaanza kumpita njiani bila salamu.

Asubuhi moja alikuta mama mmoja kafungiwa mahabusu kwa kosa la kukutwa na mtungi wa chang'aa, pombe haramu. Alipochungulia, akaitambua leso aliyomnunulia mkwewe siku ya mahari. Akageuza uso upesi.

"Afande, huyo ni mama ya bibi yangu," alimwambia Sajini Kiprono. "Mimi siwezi ongea na yeye. Ni mwiko."

"Nani mwingine anajua Kiteso hapa? Hata kwetu mkwe ni mkwe, Ojakol. Lakini korti ni leo."

Ojakol akasimama nje ya mlango, kaupa mgongo. Mama alikohoa, akaanza kuzungumza na ukuta.

"Ukuta, mwambie aliyeko hapo kwamba mtungi si wangu. Wachuuzi waliokuwa wakiwakimbia askari kwenda Uganda waliutupa kwenye migomba yangu."

Moyo wa Ojakol ukatulia kidogo. Maneno yalikuwa yamepatikana.

Lakini hakimu alitaka kuyasikia kutoka kinywani mwa mama mwenyewe, naye mkalimani alikuwa Ojakol yule yule. Kizimbani hapakuwa na ukuta wa kusemezwa, na watu wa Angurai walijaa kwenye mabenchi. Ojakol aliuliza akitazama sakafu. Mama akaivuta leso, akafunika uso, akanyamaza. Akauliza tena, bure. Alijaribu kueleza habari ya mwiko, akaambiwa kazi yake ni kutafsiri tu.

Hakimu alikiona kimya kile kuwa dharau, akamfunga mama jela.

Hukumu nayo ilihitaji kutafsiriwa. Ojakol aliitamka yote kwa Kiteso, machozi yakimdondokea kwenye sare, na mama akaitikia kwa kichwa ndani ya leso.

Nje, mzee mmoja wa Angurai alimsubiri mlangoni.

"Kijana," alimuuliza kwa upole, "si ulikuwa mle ndani, wewe tuliyesema ni wetu?"