Sabuni ya Kumi na Tatu

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi hapa Chake Chake, mbele yangu alisimama mama wa kijiji cha Wambaa anayetengeneza sabuni za mwani. Boksi alilompelekea mteja wake wa kwanza wa Ulaya lilikuwa limerudishwa, limebandikwa karatasi nyekundu.

"Bi Mkubwa, fomu inasema sabuni kumi na mbili," karani alimwambia. "Forodha ya huko wamekuta kumi na tatu."

"Hiyo moja nyongeza."

"Ungeiandika."

"Nikiiandika si itakuwa bidhaa, mwanangu? Tangu lini nyongeza ikaandikwa?"

Karani alikuna kidevu. Akajaribu kuiingiza kwenye kompyuta kama zawadi, kompyuta ikataka bei. Akaandika sifuri, ikakataa.

Mama akafungua boksi, akaitoa ile ya kumi na tatu, akainusa, kisha akamsogezea karani taratibu. "Basi kampe mama yako."

Safari hii boksi limeondoka na hesabu kamili. Mimi nimebaki na swali: yule mteja akilifungua na kukuta alicholipia tu, atajuaje kwamba amenunua Pemba?