Sindano Yangu ya Kwanza na Miwani ya Mwanaidi

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Kaa nikusimulie, maana mwezi ujao unaingia chuo cha udaktari, na najua wenzako wamekwisha kukuambia kwamba siku hizi mwili wa binadamu unasomwa kwa miwani.

Mimi ni mtoto wa Delta, kule mto unakoingia baharini. Baba alikuwa mkata mikoko, na nilikuwa binti wa kwanza wa kijiji chetu kwenda kusomea uuguzi. Darasani tulikuwa wengi. Siku ya kuonyeshwa mwili wa maiti tuliizunguka meza moja tu. Warefu wakawahi mbele, na mimi kimo changu unakiona mwenyewe. Nilichoona ni migongo ya wenzangu, basi. Mwalimu akauliza, "Mmeona wote?" Tukaitikia, "Tumeona!" na sauti yangu ilizidi za wote. Kisha nikanakili daftari la mwenzangu, nikakariri, nikafaulu.

Nikapelekwa kujifunza kazi wodini, chini ya Bi Tatu, muuguzi mkongwe wa kutoka Mbwara, mama wa maneno machache na macho makali. Asubuhi moja akaletwa mzee mmoja mkulima wa Mloka, ana homa. Bi Tatu akanikabidhi sindano nimchome takoni. Sikuwahi kumchoma mtu kabla ya siku hiyo.

"Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unapita hapo kwenda mguuni," akasema. "Ukiuchoma, mtu anaweza kulemaa. Darasani uliuona?"

"Niliuona, Bi Tatu."

"Haya, niwekee kidole pale utakapochoma."

Nikaweka, tena kwa madaha. Bi Tatu alinyoosha mkono, akaichukua sindano mkononi mwangu. Kidole changu kilikuwa kimetua juu ya njia ya mshipa wenyewe.

Mzee, amelala kifudifudi pale, akageuza shingo. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "mguu huo nauhitaji. Tembo wakiingia shambani ndio nakimbilia."

Wodi nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Bi Tatu alimchoma mzee salama, kisha akaniita chumba cha dawa, akafunga mlango. Nilijiandaa kufukuzwa.

"Ungeniambia hujauona, ningekuonyesha kwa dakika mbili," akasema. "Umeniambia umeuona, nami nikakuamini. Nani alikudanganya kwamba kutojua ni aibu?"

Halafu, mwanangu, akashika kiganja changu akakiweka juu ya nyonga yake mwenyewe. "Huu hapa mfupa, usikie. Sasa ligawe tako mafungu manne. Choma fungu la juu, la upande wa nje." Ilichukua dakika mbili kweli, na nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu bila kumwumiza mtu mshipa huo.

Sasa juzi juzi hapa mjukuu wangu Mwanaidi, anayesomea udaktari, alikuja Kibiti na wenzake kwa mafunzo ya vitendo. Mwalimu wao, daktari kijana mwenye adabu, akatualika na sisi wastaafu tuje tuone wanavyosoma. Ukumbini kila mwanafunzi amevaa limiwani jeusi la kompyuta, lenye picha za mwili ndani, limemfunika nusu ya uso, wanapapasa hewani kama watu wanaotafuta swichi ya taa. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Na mimi nikavalishwa.

"Mnaona moyo?" mwalimu akauliza.

"Tunaona!" wakaitikia.

Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye ukungu mtupu. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, mimi sioni kitu!"

Wakacheka. Kisha nikasikia sauti ya Mwanaidi wangu: "Mwalimu, samahani. Hata mimi sioni vizuri. Naona mioyo miwili." Kijana wa nyuma naye akasema, "Yangu haijawaka kabisa." Hapo ukumbi ulilipuka kwa kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza kucheka.

Akaja akarekebisha kioo kimoja kimoja. Lahaula! Moyo ulikuwa mbele yangu, mkubwa kama sufuria la pilau la harusini, unapiga, na vijilango vyake vinafunguka na kujifunga. Nikaomba nionyeshwe nyonga. Mwalimu akaondoa ngozi, akaondoa nyama, na mshipa ule ukatokea, wa manjano, mnene kama kidole gumba. Nikanyoosha mkono kuugusa, nikapiga kikumbo meza, vikombe vya chai vikaenda chini. Hakuna aliyenikasirikia. Nilimwombea Bi Tatu rehema palepale, miwani usoni.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza Mwanaidi alikuwa haoni tangu lini.

"Wiki ya tatu, Bibi. Niliona wenzangu wote wanaitikia, nikaogopa kuonekana mshamba."

Wiki tatu, mwanangu! Na yule kijana wa nyuma alikuwa anaogopa hivyohivyo.

Basi shika neno langu. Miwani hiyo ni neema. Hakuna mfupi wala mrefu, kila mtu amewekewa mwili mbele yake na anaweza kuurudia mara mia. Lakini mwalimu haingii ndani ya macho yako. Akiuliza kama umeona, na hujaona, sema hujaona, hata kama ukumbi mzima umeitikia. Kicheko kitapita kabla chai haijapoa. Na ukija kuwa mwalimu, atakayekuambia haoni usimkaripie. Mshukuru, maana amewasemea wengine.

Nenda ukasome, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie kifua, akutulize mkono, na kila mgonjwa atakayelala mbele yako ainuke akikuombea dua.